Poe au Hawthorne, nani anatisha zaidi? Mimi niko na Hawthorne

Jana nimebishana na jamaa yangu mpaka bando likaisha, anasema kwenye hadithi za giza za Wamarekani hakuna wa kumgusa Edgar Allan Poe, wengine wote wanaokota makombo yake. Nimekataa, nikasema mwenzake Nathaniel Hawthorne anamzidi, sasa naleta kwenu.

Poe namkubali jamani. Ile hadithi yake ya moyo unaodunda ("The Tell-Tale Heart"), ya 1843, jamaa kamuua mzee wa watu kisa jicho tu, kamkatakata kamficha chini ya mbao za sakafu, saa kumi alfajiri polisi watatu wanagonga, anawakaribisha freshi kabisa na kiti chake anakiweka palepale juu ya maiti!! Hapo sina neno. Ila wendawazimu wa Poe wanaishi kwao, ukifunga kitabu umewafungia humohumo unalala zako.

Hawthorne hakuachi ulale. Kazaliwa Salem, mji wa Massachusetts, Marekani, 1804, na babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa mmoja wa mahakimu wa zile kesi za uchawi za 1692 zilizoua watu 20. Sasa soma hadithi yake ya Goodman Brown (1835). Kijana kamuaga mkewe mwenye riboni za pinki, kaingia msituni usiku, anamkuta bibi aliyemfundisha katekisimu anaenda kwa shetani, anasikia sauti ya mchungaji, ya shemasi, nao safari moja, mara riboni ya pinki inadondoka kutoka juu. Asubuhi anarudi mjini mchungaji anambariki kama kawaida. Aliota? Hatuambiwi, ila yeye hamwamini tena mkewe mpaka kufa.

Jamaa anasema Hawthorne anahubiri sana. Kweli, ile riwaya yake ya nyumba ("The House of the Seven Gables") ya 1851 mimi mwenyewe nilikwama katikati. Na msiniletee H. P. Lovecraft, yule mwandishi mwingine wa hadithi za kutisha, majitu yake kila saa "hayaelezeki", sasa kama hayaelezeki unaandika nini, ubaguzi wake wa rangi hata sijaugusa.

Halafu mnaomtetea Poe mseme, mwandishi Shirley Jackson karithi kwa nani, Poe au Hawthorne? Ile hadithi yake ya bahati nasibu ("The Lottery") ya 1948, kijiji kizima asubuhi ya jua, majirani wanaopiga stori za matrekta na kodi, wanamgeukia mama mmoja na mawe, na mwanae mdogo naye kuna mtu anampa vijiwe ashike. Hiyo ni Salem tupu, Poe hayupo hapo.