Tupeane uzoefu: upasuaji wa kufungua neva iliyobanwa mgongoni

Mwenye mada
Wandugu wa Goma, leo nawaita wanaoishika kazi hii: wakine (watu wa mazoezi ya viungo), wauguzi wa chumba cha upasuaji, watu wa ganzi, wasoma picha. Habari za mgonjwa fulani tuziache. Tunataka hatua, vipimo, na mahali mambo yanapoharibikia.

Kine wa Katindo
Naanzia mguuni. Operesheni hii hutibu mguu kuliko mgongo. Mtu ambaye maumivu yake yote yako kiunoni, na mguu mzima hauna neno, haitamsaidia sana.

Diski ni mto laini kati ya pingili mbili. Pingili za kiuno tunaziita L1 hadi L5 kutoka juu, na S1 ni mwanzo wa sakramu, mfupa ulio chini yake. Diski ya kati ya L4 na L5 kwa kawaida hubana neva ya L5: maumivu yanashuka upande wa nje wa ugoko hadi juu ya unyayo, na kidole gumba kinashindwa kuinuka. Diski ya L5 na S1 hubana neva ya S1: maumivu yanapita nyuma ya shavu la mguu hadi kisigino, mtu hawezi kusimama kwa ncha za vidole, na kinyundo kikigonga kano ya kisigino mguu haujibu.

Kupima: mlaze chali, inua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya digrii 30 na 70, neva inavutwa. Nyama ya nyuma ya paja kukaza tu haihesabiki, na wengi wanakosea hapo.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Kwa hiyo asiye na mguu unaozidi kulegea anaweza kungoja.

Msoma picha
Radio ya kawaida (picha ya eksirei) inaonyesha mifupa. Diski na neva haionyeshi. IRM (wengine huita MRI) ndiyo yenyewe, na isipopatikana skana (CT) inasaidia. Lakini usimpasue mtu kwa picha tu! Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski iliyovimba. Picha ikisema kushoto L5 na mguu ukisema kulia S1, rudi ukampime mtu upya.

Pia huku kwetu tusisahau kifua kikuu cha mgongo. Homa, jasho la usiku, kukonda, pingili mbili jirani zimelika: huyo anahitaji dawa za TB kwanza. Ukimwondolea mfupa wa nyuma wakati wa mbele umeshaoza, mgongo unaweza kupinda na kubana uti wenyewe.

Mama wa dharura
Fupi tu. Mkojo umekataa kutoka au unatoka bila habari, na ganzi imeshika sehemu ile inayokalia kiti cha pikipiki: huyo hangoji wiki 6. Apasuliwe haraka iwezekanavyo. Ikipita siku 2, kibofu kinaweza kisirudi tena.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji
Sefazolini (antibiotiki) gramu 2 iingie ndani ya saa moja kabla ya kisu. Ikiingia ngozi ikiwa imeshafunguka, umechelewa.

Kosa baya kuliko yote ni kufungua pingili isiyo yake. Kuhesabu kwa vidole hakutoshi. Weka sindano, piga picha mgonjwa akiwa mezani, hesabu kutoka chini kwenda juu, linganisha na IRM. Kuna watu wana pingili 6 za kiuno badala ya 5, na wengine L5 yao imeungana na sakramu. Hao ndio wanaotupoteza hesabu.

Mkato ni sentimita 3 hadi 5. Nyama inabanduliwa upande mmoja tu, kipanuzi kinawekwa. Koleo ya Kerrison inang'ata ukingo wa mfupa kidogo kidogo, kisha kano ya njano inaondolewa. Hapo neva inaonekana, mara nyingi nyekundu na imevimba. Inasogezwa polepole kuelekea katikati, na kipande cha diski kinatolewa. Diski haikombwi yote, vinatoka vilivyolegea. Koleo isizame zaidi ya sentimita 3 ndani ya diski, kwa sababu mbele yake kuna mishipa mikubwa ya damu ya tumbo. Mwisho, ndoano butu ipite pembeni ya neva bila kukwama. Ikikwama, bado kuna kitu.

Utando unaofunika neva ukichanika, maji meupe kama ya chemchemi yanajaa. Unashonwa palepale kwa uzi mwembamba wa 5-0 au 6-0.

Mtu wa ganzi
Ongeza hapo: mgonjwa akilala kifudifudi, tumbo lining'inie huru. Mito iwe chini ya kifua na nyonga. Tumbo likibanwa, damu inarudi kwenye vena zinazozunguka neva, na daktari anafanya kazi ndani ya dimbwi, kisha analaumu koleo. Macho yasiguse kitu. Chakula kisimame saa 6 kabla, maji matupu saa 2.

Papa wa Ndosho
Na mzee anayesimama kila mita 100 miguu ikiwaka, lakini akisukuma chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo) anaenda vizuri?

Kine wa Katindo
Papa, huyo njia ya neva imekuwa nyembamba. Akiinama mbele, inapanuka, ndiyo maana chukudu inamfaa. Yeye anaondolewa mfupa wa nyuma na kano iliyonenepa. Diski inaweza kuachwa.

Baada ya operesheni, wote wawili, wa diski na wa njia nyembamba, wasimame siku hiyohiyo au kesho yake. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, sukuma kwa mkono. Wiki 6 usizidishe kilo 5: bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20, basi chukua ile ya lita 5. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Kupanda pikipiki juu ya mawe yetu ya volkano, hapana. Nyuzi zinatoka siku ya 10 hadi 14.

Maumivu ya mguu huondoka mapema. Ganzi ina safari ndefu. Uzi wa neva uliokatika huota kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiuno hadi unyayo ni karibu mita nzima. Piga hesabu mwenyewe.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji
Jioni ya kwanza, mwambie ainue vidole vya miguu kila saa. Vilivyokuwa vinainuka vikigoma, damu imekusanyika ndani: rudisha mezani usiku huohuo. Bandeji ikilowa maji meupe na kichwa kikiuma akisimama tu, ni utando. Kiuno kikianza kuuma upya wiki ya 2 hadi ya 4, pamoja na homa, fikiria usaha ndani ya diski. Na kidonda kisikandwe kwa maji ya moto wala majani, hata bibi akisisitiza.