Mwongozo unasema leo ni /d/, darasa langu bado liko kwenye /g/

MwalimuWaWadogo, Bungoma

Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha Gredi ya 1, watoto 64, shule ya umma huku Bungoma. Kiswahili nakifundisha kwa mwongozo wa mwalimu mnaoujua nyote: hatua zimepangwa, na hata maneno ya kumwambia mtoto yameandikwa. Mimi natamka, tunatamka pamoja, wanatamka wenyewe. Dakika 30 zikiisha kengele inalia, kesho ni sauti nyingine.

Watoto wangu wengi nyumbani husema Kibukusu. /g/ inageuka /k/, /d/ inageuka /t/. Goti linakuwa koti, damu inakuwa tamu. Mtoto anasoma "koti" kwa sauti kubwa huku kidole kiko kwenye picha ya goti, na anaona amepata. Nikisonga mbele hapo, nimemfundisha nini?

Basi nilisimama. Niligundua neno "nguo" wanalitamka na /g/ safi kabisa, kwa sababu nyumbani kuna chingubo, yaani nguo kwa Kibukusu. Nikaanzia hapo: nguo, nguzo, ngazi. Wakashika koo wasikie linavyotetemeka. Halafu tukaanza kuidondosha ile n: ngazi, gazi, gari. Gazi si neno, najua, na mwongozo hauna kitu kama hicho. Lakini sasa nusu ya darasa inasema gari na si kari.

CSO, yule ofisa wa mtaala anayetembelea madarasa, alipokuja alifungua tableti yake akauliza leo ni somo la ngapi. Nilipomjibu, akasema niko nyuma. Kwa nini niko nyuma, hakuuliza. Sasa mwalimu mkuu anataka mikondo yote miwili ya Gredi ya 1 iwe ukurasa mmoja kabla ya likizo fupi. Mwenzangu wa mkondo wa pili yuko mbele sana, maana anausoma mwongozo kama taarifa ya habari ya saa moja.

Msinielewe vibaya, mwongozo siuchukii. Nilipotoka chuoni ndio ulionishika mkono, sikuwa najua niingie darasani na nini. Swali langu ni hili: kuna aliyewahi kusimama namna hii asipate barua ya onyo? Na kwenye andalio la somo uliandika nini?

Mzee wa Chaki, Machakos (mstaafu)

Madam, pole. Mimi nilikuwa TAC tutor, mshauri wa walimu, baadaye wakatubandika jina la CSO, kwa hiyo tableti hiyo naijua.

Kwanza nitetee upande wangu kidogo. Ninyi mlioingia kazini karibuni hamkuona hali ilivyokuwa. Kitabu kimoja watoto wanne, mwalimu ubaoni na "ba be bi bo bu", darasa zima linaimba, na ukimwinua mmoja asome peke yake, kimya. Mradi wa kusoma na hesabu wa PRIMR ulijaribiwa kuanzia 2011 hadi 2014, kisha mradi wa kusoma wa Tusome, wenye miongozo kama huo wako, ukaenda nchi nzima 2015, na kila mtoto akapata kitabu chake. Ukiniuliza mimi, kitabu hicho na ziara za darasani vilifanya kazi kubwa kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye mwongozo. Lakini vilikuja pamoja, na watu wamezoea kusifu maneno.

Sasa upande wako. CSO aliyeuliza "somo la ngapi" akaondoka, kazi ameifanya nusu. Sisi tulifundishwa kukaa hadi mwisho wa somo, kisha kuwasomesha watoto watatu, bila kuchagua walio hodari. Akija tena, kabla hajafungua kinywa kuhusu ukurasa, mwambie: "Mwalimu, karibu, chagua watatu wowote." Wakisoma goti na gari sawasawa, ataandika nini? Kiwango chetu kilikuwa kusoma maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mtoto anayebahatisha /g/ na /k/ hafiki 45 hata ukikimbiza kurasa mpaka Novemba.

Kwenye andalio usiandike "nimerudia". Andika "marudio ya /g/ na /k/ kwa sababu ya athari ya lugha ya kwanza". Hilo hakuna ofisa atakayelipinga.

NilitokaHuko, Nairobi

Wewe una bahati, Madam. Mimi nilifundisha kwenye mtandao mmoja wa shule za binafsi za bei nafuu, sitautaja. Pale hakukuwa na mwongozo wa karatasi. Somo zima lilikuwa kwenye kishikwambi, neno kwa neno, hadi wakati wa kupigia watoto makofi. Kifaa kilijua niko skrini ya ngapi. Mtoto akiuliza swali ambalo halimo, unamwambia akae chini, kwa sababu dakika zinahesabiwa.

Nikiri kwamba watoto walisoma, na mwalimu asiye na cheti aliweza kusimama darasani. Lakini nilipohamia shule nyingine wakaniambia nitayarishe somo la kesho mwenyewe, nilikaa na kalamu mkononi nisijue pa kuanzia. Kwa hiyo hilo zoezi lako la nguo na ngazi, usiliache. Liandike mahali.

Mwl. wa Darasa la Kwanza, Morogoro

Shikamoo Mzee wa Chaki. Madam, habari za huko.

Huku Tanzania mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulianza 2015, na Morogoro tulikuwa kwenye mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja, pamoja na Iringa, Ruvuma, Mtwara na Zanzibar. Kiongozi cha mwalimu ninachotumia mimi kinanipa hatua, maneno ni yangu. Taabu yetu ni idadi: tangu elimu bila ada ianze 2016, darasa la watoto 64 mimi ningelipigia vigelegele. Wangu wanachanganya /r/ na /l/, kura na kula. Nilimweleza mthibiti ubora, mkaguzi wetu wa shule, kabla hajaniuliza, nikamwonyesha daftari la majina: nani amepata, nani bado. Alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyokaa na azimio la kazi.

Nina orodha ya jozi za maneno ya sauti zinazochanganywa, nimeikusanya mwenyewe.

Mkufunzi_TTC

Nyongeza fupi. RTI, shirika la utafiti la Marekani, hao hao waliosimamia Tusome, walitoa utafiti mwaka 2018 uliolinganisha miongozo ya walimu ya miradi 19 katika nchi 13. Miongozo huinua usomaji, hilo lilionekana wazi. Ila ile iliyoandika kila neno kupita kiasi ilifanya vibaya kidogo kuliko ile iliyomwachia mwalimu nafasi, na walimu walionekana kuibadilisha wakiwa darasani hata hivyo. Chapa kurasa chache umpe mwalimu mkuu. Anayetaka ukurasa mmoja kwa mikondo miwili huenda anaogopa tu kuulizwa na waliomzidi cheo, kwa hiyo mpe cha kujibu.

MwalimuWaWadogo, Bungoma

Asanteni sana. Mzee, hiyo ya watoto watatu naifanya wiki hii, na sisubiri CSO: namwita mwalimu mkuu mwenyewe achague, kutoka mkondo wangu na ule wa mwenzangu. Mwenzangu amekubali, ingawa amenuna kidogo.

Mwalimu wa Morogoro, hiyo orodha naiomba. Za /d/ na /t/ ninazo damu na tamu, doa na toa, dua na tua. Za /g/ na /k/ nimekwama kwenye goti na koti, goma na koma.