Mtoto wa mbwa akizaliwa hapumui, nifanyeje kabla daktari hajafika?

Binti wa Muyeye
Jamani, mbwa wangu yuko karibu kuzaa. Uzao uliopita watoto wengine walitoka wamelegea, ulimi wa buluu. Mlinzi akamshika mmoja akamrusha chini juu, chini juu, ati atoe maji. Hakuamka. Daktari wa mifugo akipigiwa simu usiku hufika kumekucha. Ule mtindo wa kurusha wafaa kweli?

Mfugaji wa Barani
Dada, usirushe. Ubongo wake ni laini, damu huweza kuvuja kichwani, tena mkono una utelezi, ataponyoka.

Mama asipopasua ule utando mara moja, upasue wewe, anzia puani. Futa ute mdomoni kwa kidole, halafu tumia kile kipira cha kuvuta makamasi ya watoto wachanga, maduka ya dawa huuza: mdomo kwanza, pua baadaye. Mlaze kiganjani, kichwa kimeinama kidogo, umsugue mgongo na mbavu kwa taulo kavu, kwa nguvu kama mamake anavyomlamba. Taulo ikilowa, chukua nyingine. Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema, nami huniuma sana. Shika kifua kati ya kidole gumba na cha shahada. Maadamu moyo wapiga, endelea hata dakika 20. Akitweta tu, bado. Mpaka alie, na ulimi uwe mwekundu.

Akikataa kabisa, funika pua na mdomo wake kwa mdomo wako, upulize pumzi ya mashavuni tu, kifua kiinuke kidogo. Ukijaza pumzi yako yote utampasua mapafu.

Binti wa Muyeye
Ahsante kaka. Lakini mume wangu hataki kabisa habari ya mdomo kwa mbwa.

Mzee wa Mifugo
Mwanangu, basi chukua sindano nyembamba safi, umchome pale katikati chini ya pua, juu ya mdomo, uizungushe. Mara nyingi hushtuka akavuta pumzi.

Na zima panka! Watu wa Malindi hudhani joto la kaskazi latosha. Aliyelowa hupoa upesi, na hawezi kutetemeka ajipashe moto. Wiki ya kwanza mwili wake wataka nyuzi 35 hadi 37. Akiwa baridi usimpe maziwa, hayasagiki. Kitovu kikitoka damu, kifunge uzi, kisha upake aidini.

Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au akitoa ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, mpakie kwenye tuktuk umpeleke, usingoje kuche. Wala usikubali mtu amdunge oksitosini, ile dawa ya kuongeza uchungu wa kuzaa, hapo nyumbani. Mtoto akiwa amekwama, mfuko wa uzazi waweza kupasuka.

Binti wa Muyeye
Shikamoo mzee, nimeelewa. Na stima zikipotea?

Mfugaji wa Barani
Jaza thamosi maji ya moto tangu jioni. Ukihitaji, yatie kwenye chupa ya plastiki, uizungushie kanga, uiweke kando yao, isiwaguse ngozi. Na tochi uivae kichwani, mikono yote miwili utaihitaji.