Mjadala: Mwanza ni lango la biashara ya nchi jirani, au tunajidanganya?

Mleta mada:

Ndugu zangu, tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, tunaambiwa kila siku kwamba Mwanza sasa ni lango la Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Daraja hilo nalifurahia kwa moyo wote. Aliyewahi kukaa saa mbili na zaidi kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, huku barafu ya samaki wake ikiyeyuka ndani ya gari, hahitaji kuelezwa thamani ya kilomita tatu za barabara juu ya maji. Lakini naomba tuitazame ramani kabla ya kushangilia zaidi.

Shehena ya Kigali na Bujumbura inayosafiri kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita Isaka yenye bandari kavu, ikaenda Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, kisha ikavukia Rusumo kwa upande wa Rwanda au Kabanga kwa upande wa Burundi. Haikanyagi Mwanza. Reli ya kisasa ya kilomita 341 kutoka Isaka hadi Mwanza, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, itatufaa sana kwa mzigo wa Uganda unaovuka ziwa, ila mzigo wa Rwanda hauna sababu ya kupanda hadi huku. Kwa hiyo tukikaa kusubiri neema ya malori ya wengine, tutasubiri sana.

Tulicho nacho ni bidhaa zetu wenyewe: dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, mchele wa Sengerema, Magu, Geita na Shinyanga, pamoja na mashudu ya pamba. Wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo na Burundi walikuwa wakifika Kirumba miaka mingi kabla ya daraja, kwa kuwa walijua watakachokikuta na walijua kwamba hakuna atakayewafungia mlango katikati ya safari. Mchele nao una soko kubwa zaidi ya tunavyodhani, maana ule unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki umewekewa ushuru wa pamoja wa asilimia 75, ingawa nchi wanachama huomba nafuu mara kwa mara, ilhali wa kwetu ukiwa na cheti cha uasili, kinachothibitisha kwamba umezalishwa ndani ya Jumuiya, huingia bila ushuru huo. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza hata kupata cheti rahisi palepale mpakani.

Kinachotuangusha ni kutotabirika. Juni 2017 mahindi yalizuiwa kuvuka mipaka wakati wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuvuna, na si mara ya kwanza, kwani mwaka 2011 lilikuwapo katazo kama hilo. Mnunuzi wa Kigali aliyekwishapanga malori hasahau jambo la namna hiyo. Msimu unaofuata anatafuta mahali pengine. Pendekezo langu ni kwamba sheria iizuie Serikali kufunga mpaka kwa mazao baada ya msimu wa kupanda kuanza. Kama kuna hofu ya njaa, itamkwe kabla mkulima hajaweka mbegu ardhini.

Mchangiaji:

Heshima yako, mleta mada. Umeandika kwa upande wa muuzaji, nami naishi kwa upande wa mlaji. Sisi wa Mabatini na Buhongwa, hapa mjini Mwanza, hatuna mashamba, na mchele ukivuka kwa wingi tunauona kwenye bei ya kilo kabla ya mtu yeyote kutuletea takwimu. Mvua hazisomi sheria. Zikikatika mwezi wa tatu, Serikali uliyoifunga mikono itafanya nini? Halafu mpunga mwingi huondoka kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, umenunuliwa shambani kwa bei ya dhiki, na faida ya kuukoboa inabaki kwa wengine. Ndiyo maana niliiunga mkono amri ya Julai 2025 inayowakataza wasio raia kununua mazao shambani.

Mleta mada:

Ndugu yangu, kuhusu lumbesa tuko pamoja kabisa, na amri hiyo naielewa. Lakini kumwondoa mgeni shambani hakumwondoi dalali wetu, ambaye ndiye huja na gunia lililoshonewa kilemba. Kwa dagaa tuna Kirumba, ambako wauzaji wengi hukutana na wanunuzi wengi na bei hujulikana kabla ya saa nne asubuhi. Kwa mpunga, mkulima wa kijijini bado anamalizana na mtu mmoja mlangoni kwake, kwa kuwa ada ya shule haisubiri. Soko la mpunga lenye mizani, ghala na mashine za kukoboa, upande wa Sengerema ambako daraja limefika, lingembana dalali kuliko amri yoyote, na mchele ungeondoka umekwisha kukobolewa.

Hoja yako ya mvua ni nzito, nami nalegeza pendekezo langu: mvua zikikatika, Serikali iwe na ruhusa ya kuingilia kati, ila kwa kununua. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula upo kwa kazi hiyo. Uingie sokoni ushindane na mnunuzi wa Kigali kwa bei ya siku hiyo, uweke akiba, kisha umuuzie mlaji wa Mabatini kwa nafuu inayotoka kwenye bajeti ya nchi nzima. Mpaka ukifungwa, nafuu hiyohiyo hutolewa na mkulima peke yake, mwenye ekari mbili na deni la mbolea. Wewe unayeutetea ufungaji, unaona alipwe fidia kutoka fungu lipi?