Betri ya gari imekufa, nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani. Naombeni ushauri

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Gari langu limelala tangu juzi. Nikiwasha linatoa tik tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Jirani amenibustia mara mbili, yaani ameliwasha kwa waya kutoka betri ya gari lake. Likibustiwa linawaka papo hapo na linatembea vizuri tu, lakini nikilizima, baada ya nusu saa halina nguvu hata ya kufungua milango kwa rimoti. Betri ina miaka mitano na ushee.

Mpya nimeshanunua, iko hapa sebuleni juu ya gazeti. Spana ninazo. Ila sijawahi kugusa betri ya gari maishani mwangu na naogopa shoti. Nianzie wapi? Waya upi unatoka kwanza? Nikikosea naunguza kompyuta ya gari? Gari hili ndilo linalopeleka watoto shule, kwa hiyo naombeni msaada wa kweli.

FundiUmeme
Pole dada. Kabla hujalegeza nati hata moja, tafuta mita ya umeme, hata ya kuazima. Gari likiwa limezimwa, gusisha waya mwekundu wa mita kwenye kichwa cha chanya (+) na mweusi kwenye hasi (-), utuambie inasoma ngapi. Betri ya gari ina seli 6, kila moja hutoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 jua imekwisha chaji. Kukwisha chaji si kufa, na nisingependa uweke betri mpya halafu wiki ijayo urudi na kilio kile kile kwa sababu altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji.

Kasi100
Altaneta kuipima ni rahisi, huhitaji mita. Bustia, likishawaka chomoa waya mmoja wa betri injini ikinguruma. Likizima, altaneta mbovu. Likiendelea, nzima.

FundiUmeme
Kasi100, ndugu yangu, hilo usimfundishe mtu. Lilikuwa la magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu na zinaweza kuua vifaa ghali kuliko betri kumi. Dada, usichomoe chochote injini ikiwa inawaka.

MsafiriMzee
Binti, kuhusu waya: hasi ndiyo ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Sababu yake ni hii. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana yako imeshika nati ya chanya, mkono ukateleza, ncha ya pili ikagusa chuma chochote cha gari, hapo umeunganisha chanya na hasi kwa spana. Ukishatoa hasi, hata spana ikigusa bodi hakuna kitu.

Mimi nilianza na chanya, tena nikiwa na pete kidoleni. Spana ilikuwa upande mmoja wa pete na chuma cha gari upande wa pili. Haikufika hata sekunde mbili. Pete iliwaka joto kabla sijajua kilichotokea, na mduara wake uko kidoleni hadi leo. Volti 12 hazikurushi kama umeme wa ukutani, ila zinayeyusha chuma. Vua pete, bangili, saa na mkufu.

MamaWawili
Asanteni sana. Mzee, pete nimeshaivua! Mita nimeazima kwa jirani: inasoma 10.4. Halafu kwenye kichwa cha chanya kuna unga mwingi, mweupe uliochanganyika na kijani cha samawati, umejikusanya kama chokaa. Niufute kwa kitambaa?

FundiUmeme
10.4 imetoa jibu, hasa kwa betri iliyotoka kubustiwa na kutembea. Chukua 12.6 utoe seli moja ya 2.1, unabaki na 10.5. Seli moja imekufa na zilizobaki haziwezi kuibeba. Ndiyo maana linawaka kwa kubustiwa kisha linakataa tena. Kununua hukukosea.

Unga huo usiuguse kwa mkono mtupu, una asidi. Vaa glavu na miwani. Koroga magadi soda ya kupikia kwenye maji ya uvuguvugu, ukishatoa teminali, yaani kishikio cha waya kinachobana kichwa cha betri, umwagie kidogo kidogo. Utatoa povu. Povu likiisha, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha kabisa. Teminali ikiwa chafu, hata betri mpya itakusumbua.

Sasa swali muhimu. Simama upande ambao vichwa vya betri viko karibu na tumbo lako. Kwenye ya zamani, chanya iko kulia au kushoto? Kisha iangalie mpya vivyo hivyo.

MamaWawili
Nimetoka kuangalia. Ya zamani chanya iko kushoto. Mpya iko kulia. Ukubwa ni ule ule kabisa, nimepima kwa rula.

Kasi100
Igeuze tu dada, chanya itakuja kushoto.

FundiUmeme
Ikigeuzwa, vichwa vyote vinahamia ukingo wa pili wa sahani yake, na waya za gari zimekatwa kwa urefu wa mahali pake. Utaivuta ya chanya mpaka ifike, itapita imekaza juu ya betri, na siku moja itagusa boneti. Na kuna hatari nyingine: mtu hukumbuka waya ulikokuwa, anaurudisha kule kule bila kusoma alama, kumbe amegeuza chanya na hasi. Fyuzi kubwa inaungua, altaneta nayo huenda ikafuata. Dada, irudishe dukani kabla hujaifunga, ibadilishwe na ya mpangilio wa gari lako. Uwezo wa ampea uwe sawa na wa zamani au uzidi kidogo, usipungue.

Tulivu
Naongeza moja. Kama gari lako hujizima lenyewe likisimama kwenye taa za barabarani, usichukue betri ya kawaida. Hayo yana betri zake maalumu, na mengine yanataka kompyuta iarifiwe kuwa betri imebadilishwa.

MamaWawili
Halijizimi, Tulivu, asante. Mpya nairudisha asubuhi. Nimechoka lakini afadhali nimejua leo.

MamaWawili
Wakuu, nimerudi. Nilibadilishiwa bila shida. Nikafungua vioo kwanza, ufunguo nikauweka mfukoni ili milango isije ikajifunga nao ndani. Hasi nikaitoa, nikaifunika kwa kitambaa na kuisukuma pembeni isirudi yenyewe. Kisha chanya, kisha kibanio cha chini, ambacho nati yake ilikuwa na kutu na ikanichukua muda kuliko kazi nyingine zote. Betri ni nzito jamani! Niliinyanyua kwa mikono miwili, wima, mgongo nimenyoosha. Nikasafisha kwa magadi, povu likatoka kweli. Mpya ikakaa, kibanio nikakikaza mpaka haitikisiki, chanya, mwisho hasi. Hasi ilipogusa ikatoa cheche ndogo, moyo ukanipasuka, lakini ikaisha hapo hapo.

Limewaka kwa mara ya kwanza! Mita inasoma 12.6 likiwa limezimwa na 14.2 likinguruma.

Tatizo moja: kioo cha dereva zamani kilipanda chenyewe kwa kubonyeza mara moja, sasa kinasimama njiani.

FundiUmeme
Hongera sana dada! Cheche ile ndogo ni ya kawaida, vifaa vya gari vinaanza kuvuta umeme. 14.2 inaonyesha altaneta inachaji vizuri. Kioo kimesahau mwisho wake. Kwenye magari mengi unakipandisha mpaka juu kabisa, kisha unaendelea kuivuta swichi sekunde tano hivi. Na injini ikinguruma bila utulivu siku ya kwanza usishtuke, inajifunza upya.

MsafiriMzee
Hongera binti. Ile ya zamani usiilaze ubavu na usiiache watoto wanapoweza kuifikia. Ina madini ya risasi na asidi. Wauzaji wengi wa betri huzipokea, risasi yake huyeyushwa na kutumika tena.

MamaWawili
Kioo kimekubali! Ya zamani nimeisimamisha ndani ya ndoo ya plastiki nyuma ya mlango wa stoo, nimefunga kwa kufuli. Kesho nikishawashusha watoto shule naipeleka.