Golf GTI ya gia za mkono: je, klachi itahimili programu mpya ya injini?

MwanaMalindi
Asalaam aleikum wanajamvi. Nina Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 7, ya gia za mkono, iliyoagizwa kutoka Uingereza. Injini yake ya lita 2 yenye turbo hutoa nguvu za farasi 220 na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 350. Nataka kubadilisha programu ya kompyuta ya injini pekee ili ipate nguvu zaidi, lakini fundi mmoja hapa mjini ananiambia klachi haitadumu. Je, ni kweli?

Fundi wa Maweni
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ni kweli, ila kinachoiua klachi si farasi bali ni msokoto. Programu za kawaida za gari hili huupitisha Nm 400, tena mapema, injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, ilhali nguvu ya presha pleti inayobana diski ya klachi kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) inabaki ile ile ya kiwandani. Diski ikizidiwa huteleza, ikiteleza hupata joto, na uso wake ukishaungua hung'aa kama kioo na haushiki tena hata ukirudisha programu ya zamani. Mwombe mwandishi wa programu auzuie msokoto wa chini na kuuacha upande taratibu hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Farasi wa juu utabaki nao karibu wote.

Kabla ya hayo, ipime klachi uliyo nayo. Barabara ikiwa tupu baada ya Gede, weka gia ya 6 kwenye kilomita 80 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo usiongezeke, klachi imeanza kuchoka. Usirudie kipimo hicho ovyo, kwani chenyewe huila diski.

Mama Casuarina
Kaka fundi, nakubaliana nawe kuhusu msokoto, lakini gari lililokwisha kutembea sana ningelifunga klachi imara zaidi kwanza, kwa sababu gia boksi lazima ishuke na gharama ya kuishusha ni kubwa. Ikishuka, ikaguliwe na flaiwili, maana ya gari hili ni ya vipande viwili vyenye springi katikati, na ikilegea hutoa mlio wa kugongagonga wakati injini inapozimwa. Pedali itakuwa nzito kidogo, jambo utakalolihisi kwenye foleni ya Mtwapa. Na kwenye mchanga wa vichochoro vya kuelekea pwani, tafadhali usijikwamue kwa nusu klachi, yaani pedali ikiwa imekanyagwa nusu. Punguza upepo wa matairi au omba watu wakusukume.

MwanaMalindi
Ahsanteni sana. Nitaipima klachi kwanza, na programu itasubiri.