Mafundi mnaofomati flopi za watu bila kuuliza, mna akili kweli?

Wakuu, leo nimekasirika na sitapunguza makali.

Mzee wangu alikuwa akipanga jarida la parokia kwenye Macintosh (Mac, kompyuta ya Apple) mwishoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake yote iko kwenye flopi, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili. Nikazipeleka kwa fundi mmoja hapa Dar. Kachomeka draivu ya flopi ya USB, katia ya kwanza, Windows ikauliza kama ifomati, yaani ifute na kuipanga upya. Jamaa kabonyeza NDIYO! Hata kunitazama hakunitazama. Zilizobaki zimepona kwa sababu mzee alishasogeza kile kiplastiki cha pembeni, kitundu kikabaki wazi, kwa hiyo haziandikiki. Eti "hizi zimekufa, bosi", na hela ya kucheki kachukua.

Kuna ugumu gani kuitazama flopi kwanza? Ya inchi 3.5 yenye vitundu viwili, kimoja kila upande, ni HD (high density), inabeba MB 1.44. Yenye kimoja ni DD (double density): kwenye PC KB 720, kwenye Mac KB 800. Za mzee zina kimoja, na juu ameandika "Macintosh" kwa kalamu, herufi kubwa.

Sasa hiyo ya KB 800 draivu ya USB haiisomi ng'o. Mac ilikuwa ikibadilisha kasi ya kuzungusha diski kadiri kichwa kinavyotoka ukingoni kwenda katikati, na ilikuwa na namna yake ya kuandika data. Draivu ya USB inajua kasi moja na mtindo wa PC basi. Hakuna programu ya kudownload itakayobadilisha hilo. Hata HD ya Mac, ambayo draivu hiyo inaimudu, Windows itakuuliza ufomati kwa kuwa haitambui mpangilio wa mafaili. Yaani ni daktari anakuzika kwa sababu haelewi kilugha chako!

Dawa ipo: Mac ya zamani yenye flopi draivu yake (msinitafutie iMac, tangu ya kwanza ya 1998 haina), au kifaa kama Greaseweazle. Hicho unakiunga na draivu ya kawaida ya ndani ya PC, kinanakili mabadiliko ya sumaku yalivyo, kutafsiri ni baadaye.

Nani Dar au Nairobi anacho? Nalipa, ila nitakaa pembeni yako nikiangalia mkono wako. Wale wa "tupa tu mkuu, nunua flashi", piteni kushoto.